Kahawa Isiyotafunwa

Pikipiki ya Padri ilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Wanaume wa Kagoma waliibeba mabegani, wakaiegemeza ukutani karibu na jiko, gurudumu la mbele limepinda vibaya, na kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake aseme. Theopista alikuwa anamenya ndizi za jioni. Aliitazama pikipiki, akawatazama wao, akaweka kisu chini taratibu.

“Yu hai,” mmoja wao alisema hatimaye. “Wamempeleka Rubya, hospitalini. Ni mguu.”

Theopista akakaa juu ya maganda ya ndizi bila kujali gauni.

Watu waliiita pikipiki ya Padri kwa sababu Clavery, mumewe, aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kazi ya Clavery ilikuwa kutengeneza cherehani. Mafundi wa kushona walikuwa tele, lakini wa kuzitibu cherehani zenyewe alikuwa yeye tu, na katika miaka ile ambayo kipuri kilingojwa kuliko mvua, wateja hawakumpungukia. Alizunguka kutoka Kagoma hadi Bukoba mjini, sanduku la vifaa limefungwa nyuma, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo kwaya ilishamwomba abaki nayo nyumbani. Jioni ile, kwenye kona ya mteremkoni, lori lilimjia kwa nyuma, likamkumba, likamtupa mtaroni, likaenda zake. Clavery aliona turubai na vumbi. Namba hakuiona, na dereva hakusimama.

Theopista alikwenda kutoa taarifa polisi. Askari wa zamu alimsikiliza huku akichonga penseli. Akauliza namba ya gari, haikuwapo. Akauliza rangi, lilikuwa na rangi ya vumbi. Akauliza kama kulikuwa na shahidi.

“Walikuwapo mbuzi,” Theopista akajibu kwa uchungu.

Askari akacheka, na wenzake waliokuwa nyuma ya kaunta wakacheka pia, si kwa ubaya, bali kama watu waliochoka. Akaambiwa arudi atakapokuwa na jambo la kuandikwa. Alitoka nje uso ukimwaka, akajifunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimelegea.

*

Mguu wa Clavery ulifungwa plasta, lakini mfupa ulikuwa umevunjika pabaya. Sista wa wodini alimweleza Theopista kwa upole kwamba pale wamefanya walichoweza, na kwamba ili goti likunjike tena, mgonjwa apelekwe Mwanza akawekewe chuma. Kwa hiyo ilihitajika nauli ya meli, mahali pa kulala, chakula cha mgonjwa na cha mwuguzaji, na miezi mingi bila cherehani hata moja kutengenezwa. Theopista aliitikia kila neno kama mwanafunzi. Moyoni alikuwa anajiuliza atauza nini.

Shemeji yake Protase alikuwa na jibu tayari. Protase, kaka mkubwa wa Clavery, alikuwa mtu wa majibu ya haraka, hasa kuhusu mali za wengine. Alikuja na fimbo yake, akakizunguka kibanja chote, migomba kwa mibuni, akapapasa shina hili na lile, kisha akasema amempata mtu wa kukichukua kile kibanja cha ndugu yake, na mtu mwenyewe yuko tayari hata kesho.

“Ardhi si ya serikali siku hizi, shemeji?” Theopista aliuliza.

“Ardhi ni ya serikali. Migomba ni yetu.”

“Na makaburi?”

Protase akakohoa. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba mizee, walikuwa wamelala baba na mama yao. Alisema wafu hawali, mgonjwa ndiye anayekula, na kwamba mwenye kibanja huyo mpya ni Mkristo safi, hatawazuia kuja kusali. Atakuja kumalizana nao mwisho wa mwezi. Theopista alimkaribisha uji, kwa kuwa ni shemeji yake, akaenda kulilia migombani, ambako watoto hawakumwona.

Watu walifika kumpa pole, kama desturi. Walileta ndizi, maharage, chupa ya rubisi, pombe ya ndizi. Mmoja wao Theopista hakumjua. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kazi, akija Jumamosi baada ya Jumamosi na samaki waliokaushwa vizuri, akisema tu kwamba alimfahamu fundi huko barabarani. Theopista hakumhoji. Anayeleta chakula kwa mgonjwa haulizwi ukoo wake. Alimkalisha kwenye nyasi safi zilizotandikwa sebuleni, akapiga magoti na kumpa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, ile ambayo hakuna mgeni anayeondoka katika nyumba ya Mhaya bila kuonjeshwa. Kijana alipokea punje kwa mikono miwili, akauliza hali ya mguu, akauliza tena, akaaga upesi. “Vijana wengine bado wamelelewa,” Theopista alimwambia binti yake Joviana.

*

Katika chumba cha Clavery kulikuwa na cherehani moja iliyofunguliwa nusu, mali ya mama mmoja wa Kihindi wa Bukoba mjini, jina lake Kusum. Theopista aliona haya kuendelea kukaa na mali ya mtu. Akakusanya vipande kwenye gunia, akaomba nafasi kwenye gari la ndizi, akaenda kuvirudisha.

Kusum alifungua gunia, akaona skrubu, magurudumu na sindano, akamtazama huyu mwanamke aliyesimama mlangoni na vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Hakuuliza habari za cherehani. Aliuliza nani amekufa. Theopista akasema hajafa mtu, kisha yote yakamtoka pale pale kizingitini, mpaka habari ya makaburi. Kusum alimshika mkono, akampandisha ngazi hadi ofisini kwa mumewe.

Wakili Umedbhai alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Jengo lile alilijenga baba yake; sasa lilikuwa la taifa, naye alilipa kodi ya chumba kilekile alimozaliwa. Alizoea kuwaambia wateja kwamba yeye ndiye mpangaji mtiifu kuliko wote Bukoba, kwa kuwa anajua kila mahali paa linapovuja. Alimsikiliza Theopista bila kumkatiza, kisha akamweleza pole pole, kwa Kiswahili chake cha vituo vingi, kwamba kila gari lina bima, na kwamba bima ndiyo inayomlipa aliyegongwa, si dereva.

“Kwa hiyo watatulipa?”

“Bima inalipia gari, mama. Vumbi hailipii. Nipe gari, nitafanya kazi. Sitaki ada yako.”

“Sina gari, Bwana Wakili.”

Umedbhai akavua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa ameshika kesi za namna hii tangu siku za Mwingereza. Akasema neno ambalo Theopista alirudi nalo Kagoma kama mtu aliyebeba yai.

“Wanaokimbia, wengi hawafiki mbali. Mkono umekimbia na usukani, moyo umebaki mtaroni. Hurudi kuchungulia. Tazama ni nani anayekuja kwenu bila sababu.”

Gunia la cherehani Kusum alilikataa. Alisema cherehani yake inamsubiri fundi wake, na fundi wake atapona.

*

Ijumaa iliyofuata Clavery angerudishwa nyumbani, plasta na yote, kungoja safari ya Mwanza kama ingekuwapo. Theopista alitaka amkute amemtandikia nyasi mpya. Akaanza kukusanya zile za zamani zilizolala sakafuni, akizikunja kutoka ukutani kuja mlangoni.

Pale alipokuwa akikaa kijana wa samaki, chini ya nyasi, zilikuwa punje za kahawa. Hazikuwa moja wala mbili zilizomponyoka mtu. Zilikuwa zimesukumwa chini kwa kidole, nyingine mbichi kwa unyevu, nyingine zimeanza ukungu. Nzima zote. Hakuna hata moja iliyoguswa na jino.

Theopista alikaa kitako akizitazama kiganjani. Mtu anaweza kukataa chakula kwa kuwa ameshiba, anaweza kukataa rubisi kwa kuwa amekatazwa na dawa. Akamwani hakatai mtu. Ni punje ileile ambayo wazee walichanja nayo damu walipofanywa ndugu, na ukiitafuna kwa mtu umesema kwamba huna neno naye, wala yeye hana neno nawe. Anayeipokea kwa heshima zote kisha akaificha chini ya nyasi ni yule anayejua kwamba ana neno.

Alikasirika. Aliwaza samaki wote waliokwisha kuliwa katika nyumba ile, na jinsi alivyomsifu mbele ya binti yake. Kisha, kwa namna ambayo hakuitaka, akamwaza yule kijana akisukuma punje chini kwa kidole huku akiuliza hali ya mguu, na hasira ikachanganyika na kitu kingine. Akazifunga zile punje kwenye pindo la kitenge. Hakumwambia mtu.

*

Jumamosi kijana alifika na samaki wake, akamkuta Clavery mwenyewe amelazwa sebuleni, mguu mweupe umenyooshwa juu ya mto. Akasita mlangoni. Clavery, ambaye alikuwa amechoka kutazama dari za hospitali na alifurahia kila uso, akamkaribisha ndani kwa sauti kubwa, akasema samahani, sura haikumbuki, ila pengine cherehani yake ataikumbuka, ni ya mkono au ya miguu?

“Sina cherehani, waitu,” kijana akasema, kwa lile neno la heshima la Kihaya.

Theopista alileta kikapu. Akapiga magoti mbele ya mgeni kama ilivyo ada, akampa, na kijana akachukua punje kwa mikono miwili. Ila safari hii Theopista hakuinuka. Alibaki pale amepiga magoti, macho yake kwenye kile kiganja.

“Tafuna, mwanangu.”

Kijana akafumba kiganja.

“Zile nyingine nimeziona,” Theopista alisema kwa sauti ya chini, akafungua pindo la kitenge, akazimwaga kwenye nyasi kati yao.

Clavery alimtazama mkewe, akamtazama mgeni, asielewe. Kijana alikuwa amejiinamia. Aliposema, alisema akizielekea zile punje, si watu. Jina lake Rugaibula, wa Nshambya, dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini. Jioni ile alikuwa amebeba mzigo mzito, breki hazikuwa nzuri, tajiri alishaambiwa. Alipoiona pikipiki alikuwa ameshaifikia. Alidhani ameua. Aliwaona watu wakitoka migombani, akaogopa watampiga mawe, akakanyaga mafuta. Aliposikia kwamba yule mtu yuko Rubya, mzima, alilia kwa furaha mbele ya mkewe, na tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia vilevile kama alivyokimbia yeye.

Joviana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, wala hakuna aliyemfukuza.

Clavery alikuwa mtu mwepesi wa moyo. Ndiyo sababu nusu ya wateja wake hawakuwahi kumlipa. Macho yalimjaa machozi. Akanyoosha mkono.

“Mama Joviana, lete kikapu hapa. Nimpe mimi mwenyewe.”

Kila aliyekuwamo alijua maana yake. Clavery akishampa kahawa kwa mkono wake, na yule akishaitafuna, neno limekwisha. Hakuna mtu wa nchi ile ambaye angemkaribisha mtu kama ndugu leo, na kesho akamtaja polisi. Theopista alikiona kikapu mkononi mwake, akauona mkono wa mumewe umenyooka, akaliona tendo jema kabisa likikaribia kuwafukuza nyumbani kwao.

Akakivuta kikapu nyuma yake.

Mke kumnyima mume kahawa ya mgeni, mbele ya mgeni, ni jambo ambalo hata mama mkwe wake kaburini angeligeukia. Mkono wa Clavery ulibaki hewani. Uso ukambadilika, akaurudisha mkono polepole kifuani, kama mtu aliyeunguzwa.

“Unaniaibisha,” akasema.

“Ninajua, Baba Joviana. Unisamehe.” Theopista hakuinua magoti. “Wewe umeusamehe mguu, mguu ni wako. Mimi kibanja sijakisamehe. Watoto hawa watalala wapi? Mama yako pale nyuma tumwachie nani?” Kisha akamgeukia kijana. “Hatutaki kitu chako, Rugaibula. Samaki wako wametosha. Kuna gari lenye bima, na kuna wakili asiyetaka hela, na kinachokosekana ni mtu wa kusema, ‘Ni mimi.’ Nenda kwa Wakili Umedbhai Jumatatu, useme. Kahawa yako ninaiweka. Siku utakayorudi utaikuta.”

“Nitafungwa, mama.”

“Huenda.”

“Mke wangu amejifungua juzi. Hana mtu.”

Theopista hilo hakulitegemea. Alikuwa bado ameshika kikapu mgongoni kama mtoto aliyeficha kitu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

“Anaitwa nani?”

“Penina.”

“Nitakwenda mimi kwa Penina. Kila Jumamosi. Kama ulivyokuja wewe kwetu.”

Rugaibula aliondoka bila kuahidi. Punje alizokuwa amezishika alizirudisha moja moja ndani ya kikapu.

*

Clavery alimnyamazia mkewe Jumamosi yote na Jumapili yote, hata kuomba maji alimtuma Joviana. Protase alikuja, akasikia, akapiga fimbo chini, akasema ndiyo haya, mtu ameletwa na Mungu mpaka mlangoni na mwanamke amemwachia aende. Sasa dereva yuko Uganda huyo. Akaongeza kwamba mnunuzi amekwisha kupata gari la kuhamisha vyombo vyake. Theopista alipika, akatenga, akala peke yake jikoni. Usiku alijiambia kwamba huenda Protase amesema kweli.

Jumatatu alikwenda kungoja gari barabarani Kagoma. Rugaibula hakuwapo. Alipanda hivyo hivyo, akakaa juu ya mikungu ya ndizi, na njia nzima akitazama kila mrefu aliyepita kwa miguu. Mjini alitembea hadi kwenye lile jengo, akapanda ngazi kwa kuburuta viatu, akitafuta maneno ya kumwambia mzee kwamba gari alilipata na limemponyoka.

Kwenye benchi la nje ya mlango wa wakili alikuwa ameketi Rugaibula, shati la kanisani limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Pembeni yake msichana mdogo mdogo alikuwa ananyonyesha. Walikuwa wamefika kabla mlango haujafunguliwa, na Kusum alishawapa chai.

Umedbhai alisikiliza, akamkatiza Rugaibula katikati. Akasema yeye ni wakili wa Clavery, hawezi kuwa wa wote wawili, sheria haikubali. Kwa hiyo asiendelee kusema hata neno moja mpaka amwitie wakili mwenzake aliye upande wa pili wa barabara, naye ndiye atakayempeleka polisi, kwa kuwa anayekwenda kwa miguu yake hakimu humtazama kwa jicho jingine. Mzee alichukua kofia, akateremka mwenyewe. Theopista alibaki na Penina. Baadaye kidogo alinyoosha mikono akampokea mtoto, ili mama yake apate kunywa chai yake ikiwa bado ya moto.

*

Mambo ya sheria yana mwendo wake, na mwendo wenyewe si wa pikipiki. Bima iliandika, Umedbhai akaandika, bima ikaomba muda, Umedbhai akawapa muda na barua nyingine juu yake. Mnunuzi wa kibanja alikuja na gari lake, akaelezwa na Clavery kitandani, kwa adabu, kwamba migomba haiuzwi, na Protase akamsindikiza akilalamikia nauli. Nyumba iliishi kwa mikopo na kwa maharage. Clavery alianza tena kuongea na mkewe siku alipohitaji mtu wa kumshikia taa akifunga cherehani ya Kusum, mguu umenyooshwa kwenye kigoda. “Inua kidogo, Mama Joviana,” alisema, na Theopista akainua, akageuza uso pembeni ili asimwone anavyotabasamu.

Hakimu alimpa Rugaibula kifungo, kifupi kuliko ilivyohofiwa, na leseni ikachukuliwa. Tajiri wa lori naye aliulizwa habari za breki. Na Theopista, kila Jumamosi, aliomba nafasi kwenye gari la ndizi hadi mjini, akapanda Nshambya na mkungu kichwani. Siku za mwanzo majirani walimcheka, kwamba amepungukiwa, anamlisha mke wa mtu aliyemvunja mumewe mguu. Alikuwa anafika, anaogesha mtoto, anakaa, anapewa kahawa na Penina, anatafuna, anarudi.

Malipo yalipotoka hayakuwa ya kumfanya mtu ajenge ghorofa. Yalitosha meli, chuma, madeni, na gurudumu jipya. Goti la Clavery lilikunjika nusu. Nusu nyingine lilikataa katakata. Lakini aliweza kuipanda pikipiki ya Padri kwa upande, kwa mtindo wake mwenyewe, na kitu cha kwanza alichokipeleka Bukoba kilikuwa cherehani ya Kusum, ikishona kimya kama mpya. Mzee Umedbhai alisema hiyo ndiyo ada kubwa aliyopata mwaka ule.

Rugaibula alirudi mchana wa jua kali, kwa miguu, amekonda, mikono mitupu. Alisimama kwenye njia ya migombani kama mtu asiyejua kama amealikwa. Clavery alimwona kwanza. Alimtazama tu mkewe, na safari hii mkono wake aliuweka juu ya goti, akangoja.

Theopista aliingia ndani, akakishusha kikapu. Alipiga magoti mbele ya mgeni. Rugaibula akachukua punje kwa mikono miwili, akazitazama, akaziweka kinywani. Theopista alibaki amepiga magoti mpaka aliposikia kahawa ikivunjika menoni mwake. Ndipo akainuka, akaenda jikoni kumenya ndizi, kwa kuwa mgeni ametoka mbali na hajala.